Mwiko

Paroko alinipigia Alhamisi usiku:
"Fundi Hipoliti, Jumamosi uje na mwiko.
Uuoshe vizuri. Uvae shati jeupe.
Askofu akishaweka masalia, wewe ndiye wa kuziba."
Mbele ya watu, Padri?
"Mbele ya watu. Ndani ya Misa."

Kanisa letu la Chanika limejengwa miaka kumi na mmoja,
kwa harambee, kwa maandazi ya akina mama wa WAWATA,
kwa simenti iliyokuja mfuko mmoja mmoja
kama ndugu wa mbali wanaofika msibani.
Mimi si mtu wa Komunyo.
Na Mama Shukuru tumekaa miaka kumi na tisa,
ndoa bado.
Altare ile naijua kwa upande wa chini,
kwa nondo zake.

Askofu alikuja na fimbo na mitra,
watoto wa Utoto Mtakatifu wakainama kama mpunga.
Mahubiri siyakumbuki. Nilikuwa nahesabu:
akikaa kutufundisha, anavikwa mitra;
akisimama kusali, shemasi anaivua,
na kile kichwa chenye mvi kinabaki kidogo,
kama cha mtu yeyote aliyeitwa ofisini.

Kisha wakaniita.
Ngazi tatu. Viatu vikalia
juu ya vigae nilivyovipanga mwenyewe.
Akaweka kisanduku shimoni: kipande cha mfupa
wa mtakatifu ambaye jina lake sikulishika.
Nikaziba. Mkono huu
haujawahi kutetemeka ghorofa ya kumi na mbili Kariakoo.
Pale ulitetemeka.
Nikashuka upesi, mwiko nikausahau
chini ya altare.

Wakamvua kasula.
Wakamfunga aproni ya kitani, akakunja mikono ya alba,
na mimi nikasogea nyuma ya nguzo nione vizuri,
maana sasa lilikuwa jambo la kazi.
Akamimina krisma katikati, akamimina kona nne.
Nilidhani atagusagusa kwa kidole, yaishe.
La. Akapaka kwa kiganja kizima,
kwa uzito wa mabega, akirudi alikotoka,
kama mtu anayepiga niru
na anajua jua likiwahi, kazi imeharibika.

Kona ya kushoto kuna mpasuko.
Mrefu kama njiti ya kiberiti.
Jiwe lilituponyoka tukilishusha kwenye Fuso;
nikajaza unga wake mwenyewe na gundi,
nikapiga msasa mpaka alfajiri, mpaka jicho likadanganyika.
Paroko hajui. Injinia hajui.

Kiganja cha askofu kilifika pale kikasimama.
Akapapasa kwa kidole gumba.
Akapapasa tena.
Akainua uso, sijui kama alinitafuta,
nguzo ni nene, niliijenga nene.
Akaichukua chupa, akaongeza mafuta,
mengi, yakavuka ukingo, yakadondoka,
akapasugua pale kuliko kwingine kote.
Hakusema kitu. Mkono ukaendelea.

Baadaye ubani uliwashwa juu ya jiwe lenyewe,
akina mama wakafuta, wakatandika kitambaa,
mishumaa, kengele, foleni ya Komunyo
ikapita mbele yangu nikaiangalia migongo yake.
Watu walipotoka kwenda kula pilau nikarudi kuchukua mwiko.
Ubapani palikuwa na tone.

Jumatatu nilikuwa na karo la choo, Kivule.
Nikapitia dukani, nikanunua mwiko mwingine, elfu nane,
na Padri bado ananidai subira
kwa mifuko minne ya simenti.
Ule wa zamani nimeutundika juu ya mlango.
Mama Shukuru ameuliza mbona siushiki.
Nikamwambia: mwiko.
Akacheka, akadhani natania.
Kisha akausogelea, akaunusa,
akanyamaza muda,
akaniuliza askofu anarudi lini.